Jina Nililompachika

Tulimwita Injini, na mimi ndiye niliyelitunga jina hilo. Nalisema mapema kwa sababu kwenye mabishano ya majina ya utani mara nyingi husikika sauti ya aliyeumia, au ya mtazamaji. Mtunzi hukaa kimya, na akibanwa husema alikuwa anatania tu.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya kidato cha kwanza, shule ya bweni. Mwalimu alitaka kila mmoja asimame, ataje jina lake, akae. Zamu ikamfikia kijana mwembamba aliyekaa mbele yangu. Jina lake linaanza na herufi M, na sitalitaja hapa kwa kuwa hakunipa ruhusa. Alisimama, akafumba midomo kama mtu anayeanza kutamka M, halafu midomo haikufunguka. Tulisikia mngurumo mdogo ndani ya kinywa chake, ukakatika, ukaanza tena, ukakatika. Shingo ilimkaza. Nikasema, kwa sauti niliyojua kabisa itafika hadi safu ya mwisho, "Injini haijapata moto."

Darasa zima lilipasuka kwa kicheko. Mwalimu naye alitabasamu, akainamia daftari la majina, akamwita anayefuata. Yule kijana akakaa, na alipogeuka kunitazama alikuwa anacheka.

Kufikia jioni bweni zima lilikuwa linamwita Injini. Kufikia mwisho wa muhula walimu wawili nao walimwita hivyo. Mwaka wa pili aliliandika mwenyewe kwa rangi nyeupe juu ya tranka lake, INJINI, herufi kubwa zilizonyooka. Wageni wakija kwenye mechi, yeye ndiye aliyenyoosha mkono kwanza na kusema, "Mimi Injini." Kwa miaka mingi, nilipojiuliza kama nilimkosea, tranka lile na salamu ile ndivyo vilikuwa ushahidi wangu. Mtu anayechukia jina hawezi kulipaka rangi kwenye sanduku lake.

Tumeshakuwa watu wazima sasa. Tuna kundi la simu la waliosoma pamoja, na huko bado aliitwa Injini, kwa heshima yote na mapenzi yote, kama tulivyoamini. Siku moja alirusha picha ya mwanawe akiwa na begi mgongoni, siku ya kwanza ya chekechea. Mmoja wetu akaandika chini yake, "Injini Ndogo hiyo!" Vikatuna vya kucheka vikamiminika. Changu kilikuwa cha tatu au cha nne. Haikupita saa moja, ukatokea ule mstari mdogo wa kijivu: ametoka kwenye kundi. Hakuaga.

Mjadala ulioanza baada ya hapo nimeusoma mara nyingi kuliko nilivyopenda. Amekasirika? Kwa hilo? Miaka yote hii? Mwingine akaandika kwamba watu wa siku hizi hawataniki. Mwingine akasema yeye aliitwa Kichwa Boga miaka minne na hakufa. Kisha mwanamke mmoja, ambaye kwa kawaida haandiki kitu kundini, aliuliza swali la maneno matatu: "Kuna aliyewahi kumuuliza?" Watu wakaruka swali lake wakaendelea na Kichwa Boga.

Nilimpigia siku mbili baadaye. Yanayofuata ni maneno yake kama ninavyoyakumbuka. Sitaandika alipokwama na alikwama kwa muda gani. Nilishalifanya hilo mara moja, mbele ya darasa.

"Kaka," alisema, "mtoto ana miaka minne. Ameanza kukwama. Kigugumizi huwa kinaanza umri huo, na kwetu kimo kwenye ukoo, baba yangu mdogo anacho. Kinaweza kumtoka akikua, watoto wengi huwatoka. Lakini hata kisipomtoka, sitaki afike darasani akute jina linamsubiri."

Nikamwambia hatukukusudia ubaya. Nikamwambia, na hapa nilikuwa najitetea, kwamba yeye mwenyewe alilipenda, aliliandika kwenye tranka, alijitambulisha nalo. Akanyamaza kwa muda, na nilijua ule haukuwa ukimya wa kukwama.

"Jina langu lilikuwa linanikwama," alisema. "Hilo lenu linaanza na i. Linatoka."

Mwenye kigugumizi, nilikuja kuelewa, mara nyingi huliona neno gumu likija kabla hajalifikia, kama dereva anavyoona shimo mbele. Hulikwepa. Badala ya "maji" atasema "kinywaji", badala ya "mwalimu" atasema "yule anayefundisha". Ndiyo maana wengine husikika kama watu wa kuzungukazunguka. Lakini jina lako halina kisawe. Ukiulizwa wewe ni nani, hakuna barabara ya pembeni, na kwa wengi wao jina lao wenyewe ni miongoni mwa maneno magumu kuliko yote. Rafiki yangu alipewa na watesi wake jina linalotamkika, akalichukua. Kila aliposema "Mimi Injini" sisi tulisikia mtu aliyekubali. Yeye alikuwa anakwepa shimo.

Basi ushahidi wangu wote ulianguka kwa sentensi tatu.

Na kicheko chake cha siku ile? Nimekifikiria sana. Mtoto wa miaka kumi na minne, wiki ya kwanza, mbali na nyumbani, mbele ya watu arobaini wanaocheka, ana njia ngapi? Alie, apigane, au acheke. Kukataa kwa maneno ndiyo njia ambayo mtu mzima angemshauri: waambie kwa upole hupendi. Lakini jina lenyewe lilitokana na ugumu wake wa kusema. Ili alikatae ilimbidi asimame na kuzungumza mbele ya watu walewale, na wakati huo angewapa burudani ileile aliyokuwa anaikataa. Hata kauli fupi kuliko zote, "msiniite hivyo", inaanza na M.

Tunaposema "mbona hakusema", tunachukulia kwamba kusema kulikuwa bure. Kwake kulikuwa na gharama ambayo sisi hatukuiona. Kwa mwingine gharama si ulimi, ni kazi: anayemwita "Bonge" ndiye mkuu wake. Kwa mwingine ni upweke, kwa sababu kundi linalomtania ndilo kundi pekee alilonalo. Mtu wa namna hiyo atacheka pamoja nanyi miaka ishirini, na hicho kicheko hakitakuambia lolote juu ya moyo wake.

Upande wa anayetania nao una upofu wake. Justin Kruger, mwanasaikolojia wa Marekani, na wenzake walichapisha mwaka 2006 utafiti juu ya nia katika utani. Waliona kwamba anayetania huuona utani wake kuwa mwepesi kuliko anavyouona anayetaniwa, na sababu kubwa ni kwamba mtaniaji anaijua nia yake njema, na mwenzake haijui. Nia imo kichwani mwangu. Kinachomfikia mwenzangu ni neno tu. Halafu mimi nashangaa, kwa dhati kabisa, anapoumia, maana nikijitazama ndani sioni chuki yoyote. Ni kweli sikuwa na chuki. Nilitaka kuchekesha darasa, nikatumia kilichokuwa karibu.

Kundini mtu mmoja alimleta Pelé, na hoja yake naiheshimu kuliko zile nyingine. Pelé alilichukia jina la Pelé. Jina lake ni Edson Arantes do Nascimento, na mwenyewe alisimulia kwamba shuleni alimpiga ngumi mwenzake kwa kumwita hivyo, akasimamishwa masomo siku mbili. Leo jina hilo ni la mwanasoka aliyebeba Kombe la Dunia mara tatu: 1958, 1962 na 1970. Kwa hiyo, alisema mwenzetu, jina baya linaweza kugeuka taji, tusikimbilie kulia.

Linaweza. Lakini mtoto aliyerusha ngumi hakujua habari ya mwaka 1958. Hasira yake ilikuwa ya haki siku hiyo, kwa yale aliyoyajua siku hiyo, na isingekuwa na haki zaidi wala pungufu kama angekua akawa fundi viatu. Sitaki kumwambia mtoto wa rafiki yangu avumilie kwa sababu huenda siku moja akawa bingwa wa dunia. Pia tunawakumbuka walioshinda majina yao kwa sababu walishinda. Yule aliyeitwa jina akaacha shule, habari zake hazikuandikwa popote.

Kuna hoja ya kale iliyonisumbua zaidi. Warumi walikuwa na desturi ya kubeba majina ya kasoro za mwili, tena hadharani, yakirithiwa na watoto: Strabo ni mwenye makengeza, Caecus ni kipofu, Naso ni mwenye pua kubwa. Plutarch, mwandishi Mgiriki wa kale, akiandika maisha ya Coriolanus, jemadari wa Kirumi, anawasifu kwa hilo. Anasema walifanya vyema kuwazoeza watu wasiuone upofu wala ulemavu wowote wa mwili kuwa aibu, bali waitike majina hayo kama majina yao ya kawaida. Mwandishi huyohuyo anasimulia kwamba ukoo wa Cicero, msemaji na mwanasiasa maarufu wa Roma, ulipata jina lake kutokana na dengu, eti kwa sababu babu yao alikuwa na mfuo mdogo kwenye ncha ya pua uliofanana na ufa wa dengu. Cicero alipoingia kwenye siasa, rafiki zake walimshauri alitupe jina hilo au alibadili. Alikataa, akasema atajitahidi kulifanya liwe tukufu. Alipokuwa mweka hazina kule Sicily alitoa zawadi ya chombo cha fedha kwa miungu. Akaagiza yaandikwe majina yake mawili ya kwanza, na mahali pa la tatu pachongwe punje ya dengu.

Nimeipenda hadithi hiyo tangu nilipoisoma. Inanipa picha ya mtu aliyesimama imara. Lakini angalia mlango ulivyokuwa wazi: rafiki zake walimwambia anaweza kulitupa. Alilibeba akiwa na uwezo wa kuliacha, na dengu ile ilichongwa kwa amri yake. Tranka la rafiki yangu lilifanana na chombo kile kwa nje. Kwa ndani vilikuwa vitu viwili tofauti, na sisi tuliokuwa tunatazama kwa nje hatukuwa na njia ya kujua ila kwa kuuliza.

Tena Warumi haohao ndio waliotupa Caligula. Ni jina la utani, maana yake kiatu kidogo cha askari, alilopewa utotoni na wanajeshi wa baba yake kambini. Lilikuwa jina la mapenzi. Alipokuwa mfalme mkuu wa Roma alilichukia, na Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi, anaeleza kwamba kamanda mmoja wa cheo cha juu aliadhibiwa kwa kumwita hivyo. Kwa hiyo hata mahali Plutarch anapopasifu, aliyeweza kulikataa jina alilikataa. Tofauti yake na kijana wa dawati la mbele ni kwamba yeye alikuwa na jeshi.

Ninapofikia hapa, wapo watakaodhani nataka majina ya utani yakome. Hapana. Mimi mwenyewe niliitwa Babu, kwa sababu ya mwendo wangu wa polepole na tabia ya kujifunika shuka hata mchana. Bado naitwa Babu na watu wanne au watano duniani, na mmoja wao akipiga simu akasema "Babu, upo?" kuna kitu kifuani hulegea. Wananijua kabla sijawa mtu wa vyeo na madeni. Jina hilo hakuna aliyelichagua kwenye kitabu, lilitoka kwenye maisha tuliyoishi pamoja, na ningesikitika sana kama mtu angelifuta kwa jina la adabu. Hata Injili ya Marko inasimulia kwamba Yesu aliwapa Yakobo na Yohana jina la Boanerge, wana wa ngurumo. Watu wanaopendana hupeana majina.

Lakini jina likishatoka kinywani halibaki na watu wanne. Demosthenes, yule msemaji mkuu wa Athens ambaye ujanani alihangaika sana na ulimi wake, aliitwa Batalos. Mwenyewe alisema lilitoka kwa yaya wake, ni jina la kumbembeleza mtoto. Yapata mwaka 345 KK, kwenye kesi ya Timarchus, mwanasiasa wa Athens, mpinzani wake Aeschines alilichukua jina hilo akalitaja mbele ya mahakama, akadai kwamba amelistahili kwa sababu za aibu, si kwa sababu ya yaya. Herufi zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni kinywa, na umati uliokuwa unasikiliza. Ndivyo Injini lilivyokwenda. Tuliolianzisha tulikuwa rafiki zake wa chumba kimoja, lakini likafika kwa wasiomjua, likafika kwa walimu, na mwishowe likamfikia mtoto ambaye hajawahi kumkosea yeyote kati yetu.

Kuna jambo moja ambalo bado sijalimaliza, na ndilo gumu kuliko yote: mwenye jina akiwa amelipenda kwa dhati, lakini wengine wanaumia wakilisikia.

Nimefanya kazi na mtu aliyepoteza mguu kwenye ajali. Alijiita Guu Moja. Alijipa mwenyewe, akiwa bado hospitali, na alituambia kwamba siku alipolisema jina hilo kwa sauti mara ya kwanza ndipo alipoacha kuogopa kutoka nje. Ofisi nzima ilimwita hivyo. Walimwita kwa sauti kutoka upande mmoja wa korido hadi mwingine, naye aliitika kwa furaha, na safari hii nina hakika, maana nilimuuliza zaidi ya mara moja tukiwa wawili tu.

Kisha akaajiriwa dada mmoja anayechechemea tangu utotoni kwa sababu ya polio. Hakusema kitu. Alibadilisha njia, akawa anapita mlango wa nyuma. Nilipokuja kumuuliza, baada ya muda mrefu kuliko ilivyopasa, aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Yeye alijichagulia. Mimi lile nilipewa, nikiwa na miaka sita." Kila sauti iliposikika koridoni, "Guu Moja!", alikuwa anageuka.

Nani mwenye haki hapo? Nimesikia watu wakilijibu swali hili haraka kwa pande zote mbili, na sikuridhika. Ukisema jina ni la mwenyewe na mwingine halimhusu, unamwambia yule dada avumilie kila siku sauti iliyomfukuza utotoni. Ukisema yeyote anayeumia ana haki ya kulifuta, unamnyang'anya yule bwana neno lililomtoa kitandani. Nilimweleza bwana yule. Alikasirika. Alisema tumeanza kumhurumia, na kwamba amefanya kazi kubwa ili asihurumiwe. Tulikubaliana, kwa shingo upande, kwamba sisi rafiki zake tutaendelea kumwita hivyo tukiwa pamoja, na koridoni tutatumia jina lake. Ameyakubali hayo lakini hajayapenda. Yule dada amerudi kupita mlango wa mbele. Naamini tulifanya sawa, na bado namwelewa anayeona tumekosea.

Sheria nazo zimelazimika kulipitia swali hili. Ile ya usawa ya Uingereza ya mwaka 2010, kwenye kifungu chake cha 26 juu ya unyanyasaji, haiishii kwenye nia ya aliyesema. Athari pekee inaweza kutosha. Lakini haimpi aliyeumia neno la mwisho pia. Inataka itazamwe namna yeye alivyoliona jambo, mazingira mengine ya tukio, na kama ni jambo la busara tendo hilo kuleta athari hiyo. Mwaka 2022 baraza moja la kazi nchini humo liliamua kwamba kumtukana mfanyakazi kwa upara wake kulikuwa unyanyasaji wa kijinsia, kwa hoja kwamba upara huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake. Watu wengi walicheka habari hiyo ilipotangazwa. Mimi nilifikiria mtu aliyeamka kwenda kazini akijua neno gani linamsubiri mlangoni.

Kwa mahakama ni sawa kuuliza kipi cha busara, kwa sababu inaweka mpaka wa watu wote na ikitoa hukumu kuna mtu atalipa. Mimi na rafiki yangu hatuko mahakamani. Akiniambia linaniuma, sina haja ya kusubiri jopo liamue kama maumivu yake yana busara. Kuliacha jina kunanipotezea kicheko kimoja. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na siwezi kumpima mwenzangu maumivu nikiwa nje.

Kuna simulizi moja iliyonigusa kuliko hoja zote. Katika sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, Qurani inakataza watu kuitana kwa majina ya kejeli. Abu Dawud, mkusanyaji wa hadithi za Mtume, amepokea hadithi kutoka kwa Abu Jubayra ibn al-Dahhak kwamba aya hiyo iliteremka kwa ajili ya watu wa ukoo wake, Banu Salima. Mtume alipofika kwao hakukuwa na mwanamume asiye na majina mawili au matatu. Akawa anamwita mtu kwa mojawapo, na waliokuwapo wakamwambia aache, ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu, huyo hukasirika kwa jina hilo. Wanazuoni wa baadaye waliruhusu majina kama al-A'mash, mwenye macho dhaifu, kwa mtu ambaye hatambuliki bila jina hilo, mradi asidharauliwe nalo. Lakini kilichonigusa mimi ni wale waliokuwapo. Mwenye jina hakulazimika kufungua kinywa. Jirani zake walikuwa wanajua kwamba halipendi, nao ndio waliosema, tena mbele ya mtu mkubwa kuliko wote mahali pale.

Darasani kwetu hakuwapo mtu wa namna hiyo. Tulikuwa arobaini, na mwalimu. Nina hakika wapo walioona shingo ile ilivyokaza wakajua. Mwalimu ndiye ninayemlaumu baada ya nafsi yangu. Tabasamu lake dogo ndilo lililoupa mzaha wangu kibali. Kama angeinua macho tu akasema, "Tunakusubiri, maliza jina lako," Injini lisingezaliwa.

Katika ile simu ya kwanza nilimwomba radhi hivi: "Nisamehe kama nilikukosea." Akaniuliza, "Kama?" Nilihisi joto usoni. Nikarudia bila lile neno. Nilimwambia siku ile nilisema nini, nikiwa nimekaa wapi, na kwamba nilipandisha sauti makusudi. Akasema anakumbuka. Hakusema amesamehe, na sikumuuliza.

Baadaye niliandika kundini. Nilitumia jina lake halisi tangu sentensi ya kwanza, nikaeleza kwamba lile lingine nililitunga mimi na kwamba mwenyewe halitaki, mwanawe pia asiitwe. Wengi waliitika vizuri. Mmoja aliniita mchungaji, mwingine akauliza kama na yeye sasa aanze kulalamikia Kichwa Boga. Nilimjibu kwa dhati kabisa kwamba kama linamuuma aseme, nitakuwa wa kwanza kuliacha. Alisoma, hakujibu. Usiku alinitumia ujumbe pembeni: "Lilikuwa linaniuma mwaka wa kwanza. Baadaye nilizoea." Bado sijui la kufanya na neno hilo, kuzoea.

Rafiki yangu hajarudi kundini. Lakini wiki iliyopita alinitumia ujumbe wa sauti, akiniuliza habari za kitabu alichomwazima mtu tunayefahamiana. Ujumbe una sekunde kumi na tisa. Alianza kwa kujitaja, jambo ambalo halikuhitajika, simu yangu inaonyesha ni nani. Midomo ilifungwa, nikausikia ule mngurumo, ukakatika, ukaanza. Sekunde sita hivi zilipita. Kisha jina lake likatoka lote, mpaka herufi ya mwisho, na ndiyo mara yangu ya kwanza kumsikia akilimaliza.